Senene wa Makete

Siku hizi kila nyumba hufuga senene wake, wale panzi wa kuliwa, na mume akienda kazi ya mbali hubeba nusu ya mayai akawalee huko. Akirudi nao, mke huwachanganya na wake kwenye kikaango kimoja. Asipowachanganya, ndoa imekwisha.

Rwegasira aliporudi kutoka Makete, mkewe Kokushubira alifungua jikoni sanduku la senene alilokuja nalo, akaguna.

"Mbona wadogo hivi, na wote wameshaota mabawa?"

"Mbegu yako hiyo, mke wangu. Nisingiziwe mimi?"

Mbegu ilikuwa ya Kokushubira kweli; ule mstari mwekundu mgongoni mwao ulitoka kwa senene wa bibi yake. Lakini kwenye baridi mbegu ile hukua polepole na kunenepa kama kidole. Penye joto hukomaa upesi, ikabaki ndogo.

"Makete siku hizi kuna joto?"

"Joto wapi! Meno yanagongana."

Kokushubira akawatazama tena. Walikuwa wasafi, wamelishwa majani mabichi, wamenyweshwa. Rwegasira hakuwahi kukumbuka kumnywesha hata kuku.

"Changanya basi, tule," mumewe akasema, akivua viatu.

Kokushubira akakaanga wa kwake peke yao, akaketi kula. Lile sanduku akalisukuma kwa mguu hadi mlangoni.

"Hao mrudishie aliyewalea kando ya jiko lake."

Rwegasira akaanza kuvaa viatu tena.