Kabla ya Maji

Kidole cha Maranga kilikuwa tayari juu ya swichi ya pampu pale mama mwenye boma alipomshika mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Hatujashukuru."

Maranga akatabasamu kwa adabu. Alikuwa amefunga pampu za sola karibu kisiwa kizima cha Rusinga, na kila maji yalipotoka, yeye alisifu paneli na betri.

"Haya, mama. Omba."

"Wewe ndiye umetuletea maji. Omba wewe."

Kiganja cha yule mama kilikuwa kikavu, kimejaa sugu za jembe, nacho hakikumwachilia. Majirani walikwisha kuinamisha vichwa, ndoo zao miguuni. Maranga akafumba macho. Miaka mingi ilikuwa imepita bila yeye kuzungumza na Mungu, na maneno ya kanisani yalikuwa yamemtoka kabisa.

"Nyasaye," akaanza, akimwita Mungu kwa lugha ya mamake. "Asante kwa maji haya."

Alidhani amemaliza. Lakini jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu tangu asubuhi likatoka lenyewe.

"Binti yangu amelazwa Homa Bay. Leo anafanyiwa upasuaji. Nimekuja kazini kwa sababu nilishindwa kukaa pale hospitalini peke yangu."

Upepo wa ziwani ukapita kwenye migomba. Kile kiganja kikavu kikamkaza zaidi.

"Endelea, mwanangu," mama akasema taratibu. "Mwambie na jina lake."

Maranga akavuta pumzi, akalitaja.