Mama wa Pompe

Siku ya kumi na moja bila kuitwa na mtu, Mwenya aliisalimia pompe ya maji.

"Yambo, mama," aliiambia, kisha akaona haya, ijapokuwa hakukuwa na wa kumwona.

Nyumba aliyoilinda pale mtaa wa Makomeno ilikuwa tupu. Wenyewe walihamia Kolwezi, nao walikuja mara moja kwa mwezi kuangalia mboga. Yeye alifagia, alimwagilia, alijaza tangi. Pompe ilikuwa mbele, karibu na geti. Tangi lilikuwa nyuma, limeegemea ukuta wa jirani. Akiwa kwenye swichi hakuweza kuona maji yamefika wapi, na akichelewa kuzima, yalimwagikia upande wa pili wa ukuta.

Hapo ndipo sauti ya jirani ilipopanda.

"Mama wa pompe! Tangi inayala, maji inamwangika! Unataka nichunge samaki mu lupango ya nyumba yangu?"

"Ukibakamata, uniwekee kichwa!" Mwenya alijibu huku akikimbilia swichi.

"Kichwa? Utakula miba! Ulisinzia tena, ao uko na bwana mupya?"

"Bwana yangu ni hii pompe. Inapiga makelele, haileti chakula."

Na mwanamke wa ng'ambo alicheka mpaka akakohoa.

Ni hayo tu. Mwenya hakuujua uso wake, wala jina. Mlango wa nyumba ile ulitazama barabara nyingine, naye Mwenya alikatazwa kuacha geti. Kuita juu ya ukuta bila sababu hakuthubutu, angesema nini? Lakini katika siku nzima, hayo ndiyo maneno pekee aliyoambiwa yeye. Siku nyingine aliiacha pompe iende kidogo zaidi.

Patron, mwenye nyumba, aliposikia kwamba maji yanapotea, alimtuma fundi Ruphin.

Ruphin alipanda juu ya tangi, akaeleza kwa sauti kubwa kama mwalimu mbele ya watoto sitini.

"Mama, hii ni flotteur. Boya tu, na waya yake. Maji ikipanda, inaelea, inakata courant, pompe inazimika. Maji ikishuka, inalala chini, inawasha pompe. Yenyewe! Mbele ya hii, mama wa ng'ambo alikuwa jicho, weye ulikuwa mukono. Sasa hii moja iko jicho na mukono."

"Na kinywa?" Mwenya aliuliza.

Ruphin akacheka. "Kinywa ya kazi gani?"

Sauti ikapanda kutoka upande wa pili. "Fundi! Unatengeneza nini kule juu?"

"Ninakupumzisha, mama! Hautapiga makelele tena."

Sauti ikarudi, ndogo zaidi: "Aksanti. Nilichoka."

Neno hilo la mwisho lilimkaa Mwenya kifuani.

Boya lilifanya kazi bila kosa. Pompe iliwaka, ikazimika, haikumwuliza mtu. Mwenya alikohoa karibu na ukuta. Aligonga sufuria. Jumapili aliimba wimbo wa kanisa, beti zote nne. Hakuna aliyejibu.

Sasa, siku hiyo ya kumi na moja, umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Mwenya aliketi kando ya pompe iliyonyamaza, akiyawaza maneno ya Ruphin. Boya likilala chini, pompe inaamini kwamba tangi ni tupu. Basi boya likifungwa lisielee, pompe haitasimama kamwe.

Aliokota jiwe, akachana ukanda wa kitenge cha zamani, akaegemeza ngazi. Umeme ukirudi, maji yatafurika. Patron atagomba, na agombe. Mama wa ng'ambo atagomba pia, hata kama amechoka.

Akapanda. Akaliweka jiwe lake juu ya tangi, akafungua kifuniko, akauvuta waya.

Ulikuwa mzito. Akavuta kwa mikono miwili. Boya likatoka majini, na chini yake likaning'inia jiwe kubwa, limefungwa kwa kitambaa cha njano, mafundo matatu.

Mwenya aliinua macho. Upande wa pili, kwa mama wa ng'ambo, ngazi ilikuwa imeegemea ukuta, na juu ya vidato vyake kulikuwa na matope mabichi ya miguu mitupu.

Akaliteremsha jiwe la mwenzake majini, polepole, lisitoe mlio, akashuka kungoja umeme.