Faili Tupu

Nesi Tulia alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mganga mkuu, akisubiri kuitwa. Alfajiri mtoto mchanga alikufa wodini kwake, na hospitali nzima ilikuwa inasema alilala kazini.

"Kengele haikulia, dada," alimwambia Siwema, fundi wa kompyuta. "Hata kama ningelala, si ingeniamsha?"

"Ngoja nikaangalie."

Siwema alijifungia chumbani kwake akafungua programu inayopima pumzi za watoto. Haikuonyesha kosa lolote. Ila folda ya kengele ilikuwa na pengo, na pengo hilo alilijua. Jumatatu, alipokuwa akisafisha programu, alifuta humo faili lisilo na hata herufi moja ndani, akidhani ni takataka. Liliitwa __init__.py, jina ambalo Python, lugha iliyoandikiwa programu hiyo, imelitenga kwa kazi maalumu. Bila faili hilo, folda nzima ya kengele iliachwa nje programu ilipofungashwa upya. Iliachwa kimyakimya.

Akalirudisha, tupu vilevile. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na hakuna ambaye angejua. Akafungasha tena, akawasha.

Ng'ambo ya korido kengele ikalia. Ilitoka kwenye mashine ya yule mtoto, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima.

Tulia akainuka mbio kama alivyozoea, akafika katikati ya korido, akasimama. Mganga mkuu alifungua mlango akamwita. Tulia hakugeuka. Alikuwa akiutazama mlango wa Siwema.