Kikohozi cha Pimbi

Alikuwako Chui mmoja aliyewaajiri wanyama wamjengee nyumba, akawaapia kwamba hatamla mfanyakazi wake yeyote. Pimbi alimbebea mawe muda mrefu bila hata kuitwa jina. Msimamizi wao alipokufa, Chui akawakusanya.

"Nataka msimamizi ninayemjua hadi moyoni. Haya, nisimulieni maisha yenu."

Pimbi akaona bahati yake hii hapa.

"Bwana mkubwa, baba yangu aliliwa mlangoni. Alisikia hodi, akafungua. Tangu hapo mama alikuwa anakohoa kwanza, ndipo anapiga hodi. Bila kikohozi hatukufungua. Hata wanangu nimewalea hivyo hivyo."

Hakuna aliyeuliza nani alimla baba. Wote walilia. "Pole, Pimbi," walisema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina. Chui naye alifuta macho.

"Pole sana, ndugu yangu. Hicho kikohozi kikoje?"

Pimbi, kichwa kimemvimba, akakohoa.

"Basi msimamizi ni wewe. Baki na wenzako, mimi natoka kidogo."

Pimbi alipanda juu ya jiwe, akaanza kuamrisha. Ghafla akakumbuka kile kiapo. Chui aliapa kutowala wafanyakazi, na wanawe si wafanyakazi! Akatimua mbio kwenda kwake juu ya mwamba, lakini miguu ya pimbi ni mifupi. Alikuwa bado chini ya mwamba aliposikia, kule juu mlangoni, kikohozi chake mwenyewe.

"Hodi!"

Wanawe wakaitikia kwa furaha, "Karibu, baba!"