Bwana Kesho

"Ukisikia mlango, usigeuke," mke alinong'ona. "Watasema unaona."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alikaa kwenye benchi la korido, mikono magotini, shingo imekakamaa, akiogopa hata kupiga chafya. Kuchomelea mageti na madirisha ya watu kulikuwa kumemla macho, kwanza la kushoto, kisha la kulia, na sasa ilimbidi aithibitishie serikali kwamba haoni. Makubwa haya! Mtu aumwe, halafu afanyishwe na mtihani.

Maombi ya ruzuku ya ulemavu waliyapeleka tangu mwaka juzi. Daktari alishaandika, ofisi ya mtaa ilishaandika, kilichobaki ni sahihi ya afisa mmoja tu. Naye ndiye huyo watu waliyembandika jina la Bwana Kesho. Kila wakija, kesho. Wakija hiyo kesho, kesho tena.

Mke alikuwa amechoka. Begi lake lilikuwa limeshafungwa nyumbani: leo wakirudi mikono mitupu, Jumapili anapanda basi kwenda mji wa mbali kufanya kazi za ndani, watoto wanabaki kwa bibi yao, na Fundi anahamia kwa dada yake. Hawakugombana juu ya hilo. Walilia tu, kila mtu kwa wakati wake, mwenzake asisikie.

Watu wa benchini walikuwa na habari zote za Bwana Kesho, na waliokuwa wanazijua nusu waliziongezea chumvi. Ana maringo, walisema. Mkikutana sokoni anakupita kama anapita mlingoti. Anafika ofisini kabla ya mfagizi na haondoki mpaka watu wote wameondoka, ili asisalimiane na mtu. Ofisini kwake hakisogezwi kitu; mfagizi mmoja alihamisha ndoo ya taka tu, akakaripiwa mpaka akalia. Faili hafungui. Wewe mwenyewe, au aliyekusindikiza, ndiye unayemsomea, yeye akae akusikilize akitafuta uongo. Na ana mitego huyo! Eti hudondosha vitu sakafuni makusudi, aone kama utavikwepa.

"Ukimwamkia leo, anaitikia kesho," alisema mzee mmoja mwenye gongo, na benchi zima likacheka. Fundi hakucheka.

Wakaitwa.

Mke alimshika kiwiko, akamkalisha, akatua kikapu chake cha sokoni kando ya meza. Afisa aliitikia salamu kwa sauti kavu, kisha akamwambia mke asome faili. Mke akasoma. Alisoma majina, umri, kazi, akaingia kwenye ripoti ya daktari, na muda wote huo afisa alikuwa akigongagonga kalamu mezani. Akafika pale palipoandikwa kwamba mgonjwa aliificha hali yake muda mrefu, hata mkewe hakujua, kwa kuogopa kufukuzwa karakana. Hapo sauti yake ikatetemeka.

Kalamu ikanyamaza.

Mke akamaliza. Feni ilikuwa ikilalamika darini.

"Ripoti hii ni ya zamani kidogo," afisa akasema mwishowe. "Nendeni, halafu mje..."

"Usiseme kesho, baba," mke akamkatiza. Hakuwa amewahi kumkatiza mtu mkubwa maishani mwake. "Nakuomba. Achana na makaratasi, mtazame tu. Mtazame mwenyewe kwa macho yako."

Afisa alivuta pumzi, akaishusha.

"Mama, tupishe kidogo," alisema. "Ufunge na mlango."

Fundi akasikia kandambili za mkewe zikienda taratibu, zikisita, kisha mlango ukafungwa. Akajua yamekwisha. Mke wake kamjibu mkubwa, na mkubwa hajibiwi. Aliliona lile begi lililofungwa, kwa kuwa vitu vya namna hiyo huhitaji macho gani?

Kiti cha afisa kikasukumwa nyuma. Hatua zikaanza kuizunguka meza, polepole, zikija upande wake. Fundi akakaza shingo. Mara, kishindo! Kikapu kimepigwa teke, vitunguu vikabiringika sakafu nzima.

Ndio mtego wenyewe huu, Fundi aliwaza, jasho likimtiririka mgongoni. Usiiname. Usinyooshe mkono. Kitunguu kimoja kikaja kumgonga kiatu, naye akatulia kama mtu anayenyolewa kwa wembe.

Afisa akachutama. Akawa anaokota, au Fundi alidhani anaokota. Kiganja kilipapasa sakafu, kikaenda mbele, kikarudi nyuma, kikagusa kiatu chake, kikashtuka, kikaanza upya upande wa pili. Fundi akasahau kuogopa. Sauti ile aliijua. Ndivyo yeye mwenyewe anavyotafuta kandambili zake kila asubuhi.

"Fundi," afisa alinong'ona kutoka pale chini, "mkeo ulimwambiaje?"

Fundi alinyoosha mkono, akalitafuta bega la mwenzake mpaka akalipata.

"Tumwite," akasema. "Aje atuonyeshe sote wawili pa kutia sahihi."