Upana wa Kiganja

Gome lililosalia lilikuwa na upana wa kiganja kimoja. Kwingine kote shina lilikuwa jeupe kama mfupa, likiwa na mabaki ya udongo ambao mganga alifunikia vidonda vya mti.

Kwa miaka thelathini alibandua kiganja kimoja kwa kila mgonjwa, wala hakuzidisha. Kanuni ya kutozidisha aliirithi. Kuhesabu viganja hakurithishwa.

"Mama, unangoja nini?" binti yake aliuliza. Mtoto mgongoni mwake alikuwa akihema kwa mlio.

"Nikibandua hapa, nitakuwa nimeuzunguka. Mti utakufa, nao ndio wa mwisho."

"Basi na ufe! Kwani huo mti unakuita bibi?"

Mganga alimtazama mjukuu wake. Wagonjwa watano wa mwisho walikunywa gome hilihili, na wanne kati yao walikwisha kuzikwa. Binti yake hakulijua hilo. Alijua tu kwamba mama yake hashindwi.

Neno "hospitali" lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

Akaweka kiganja juu ya gome, kupima. Kilienea barabara.

"Nipe kisu," alisema, "kisha ukoroge udongo."