Mistari Iliyofichwa

"Mwalimu, nimechuja orodha wabaki wakulima wa kahawa pekee. Mbona kompyuta inahesabu hata wale wa chai niliowaficha?" msichana aliyeketi karibu na Gatakaa aliuliza kwa sauti ya kudeka.

Gatakaa alishangaa. Jana tu, hapa hapa chuoni Nkubu, yeye Gatakaa alimfundisha msichana huyo fomula ya SUBTOTAL, inayohesabu mistari inayoonekana tu, naye akaielewa vizuri.

Mwalimu kijana akainama. Vumbi la chaki likadondoka kutoka mkono wa shati lake hadi begani kwa msichana, naye hakulipangusa.

"Usijali, tutaenda pole pole," mwalimu alisema.

Wivu ukamchoma Gatakaa. Akaifuta fomula yake, iliyokuwa sahihi kabisa, akainua mkono kwa mara ya kwanza muhula huo.

"Mwalimu, hata yangu imekataa."